Kifungo Kisicho na Matundu

Kilikuwa kifungo cheupe, kidogo, cha ukubwa wa vile vya kola, ila hakikuwa na matundu. Mwanamke kijana aliyeitwa Sindano alikigeuza mara mbili kati ya vidole, akadhani macho yake yamechoka, akakisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Hakuna tundu hata moja. Alipojaribu kukichoma kwa ncha ya sindano kilivunjika vipande viwili, na unga mweupe ukabaki kwenye kucha yake.

Aliinama juu ya kopo. Lilikuwa kopo la zamani la maziwa ya unga, ambamo baba mkwe wake, Fundi, alitia vifungo vyote vilivyobaki kwenye kazi: vya mashati, vya sare za shule, vya makoti, na vile vya rangi ya dhahabu ambavyo hakuna mteja aliyewahi kuvitaka. Akachambua polepole. Akapata kingine kisicho na matundu. Akapata kingine. Vilipofika tisa aliacha, akafunika kopo, akarudi kwenye shati la mtu alilokuwa analishona kama aliyeshikwa akiiba.

Alivijua vile vidonge. Kila asubuhi baada ya chai, mama mkwe wake aliingia kwenye chumba cha kushonea, glasi ya maji mkono huu, kidonge kwenye kiganja cha mkono huu mwingine, akasimama mbele ya cherehani kama askari wa zamu.

"Meza."

"Nameza, mama watoto."

"Nakuangalia."

Fundi alitia kidonge mdomoni, akanywa maji, akafuta midomo kwa mgongo wa mkono. Mkewe akaondoka na glasi yake, roho imetulia. Na kila asubuhi, kabla ya kukanyaga pedali, Fundi aliinamia lile kopo kama anatafuta kifungo. Sindano aliliona jambo hilo kila siku na hakulitilia maanani. Mtu anatafuta kifungo, ana kosa gani?

Jina la Sindano alipewa na huyo huyo baba mkwe. Alipoletwa nyumbani kama mke wa kitinda mimba, mwembamba, shule ameiacha darasa la tano, aliulizwa mambo mengi na kujibu machache. Fundi akacheka: "Huyu ni sindano. Ana tundu moja tu la kupitishia uzi, mdomo hana." Jina likaganda. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, leo yuko huku, kesho kule, na nyumbani hajakanyaga mwezi wa tano sasa. Kwa hiyo Sindano alishinda chumba cha mbele na baba mkwe wake, akipiga pasi, akipiga pindo na kushona vifungo. Alikuwa kimya kiasi kwamba watu walimsahau, wakazungumza mbele yake kama wanavyozungumza mbele ya kabati.

Ndivyo alivyosikia maneno ya Kinyozi.

Kinyozi alikuwa na kibanda chake mlango wa tatu, na akikosa vichwa alikuja kukaa kwenye stuli ya wateja na kumaliza habari zote za mtaa. Siku hiyo, majuma mengi kabla ya kifungo kile, Sindano alikuwa kwenye kona ya pasi, nyuma ya makoti yaliyotundikwa.

"Vya presha?" Kinyozi alisema. "Tupa. Shemeji yangu alivimeza miezi mitatu, akawa kama kola isiyotiwa wanga. Inalala tu. Ukiinyanyua, inalala."

Alicheka mwenyewe. Fundi hakucheka.

"Kumbe ni vyenyewe," Fundi alisema taratibu.

"Sasa wewe ulidhani nini? Umri? Mimi nakupita miaka miwili, mzee mwenzangu, na sijapata malalamiko." Akatoa mfukoni kikaratasi kilichokunjwa. "Chukua hii. Kijiko kimoja kwenye chai. Usimwambie mtu."

Nyuma ya makoti, Sindano aliiacha pasi juu ya suruali mpaka akasikia harufu. Aliinyanyua haraka. Uso ulimwaka kuliko ile pasi. Angekuwa na uwezo, angeyatoa yale maneno masikioni mwake kama mtu anavyotoa uzi uliokwenda kombo. Baba mkwe ni baba. Kuna mambo ya baba ambayo mtoto hayajui, na akiyajua, hayajui.

Basi akawa hayajui.

*

Jambo la pili aliliona kwenye beseni la kufulia. Foronya moja ilikuwa na alama ya chaki ya bluu, ile anayochorea Fundi kwenye kitambaa. Mama mkwe wake aliishika, akaitazama, akaitia kwenye maji bila neno. Sindano naye alikuwa ameshaona, alipofagia, godoro jembamba lililoviringishwa chini ya meza ya kukatia, na shuka juu yake imekunjwa vizuri, kama anavyokunja Fundi kila kitu.

Walifua. Kisha mama mkwe akauliza, "Hivi mwanangu, mume wako akiwa nyumbani hulala upande gani?"

Sindano alikamua shuka kwa nguvu. "Wa ukutani, mama."

"Huyu wangu, miaka arobaini na moja, upande wa mlangoni. Anasema mwizi akiingia aanze na yeye." Mama mkwe akacheka kidogo. "Mwizi mwenyewe hajatokea mpaka leo." Kicheko kikakatika. "Anasema kazi ni nyingi, ndiyo maana analala huko. Wewe unashinda naye. Kazi ni nyingi?"

Kazi haikuwa nyingi. Kulikuwa na sare kumi na mbili na suti moja.

"Zipo zipo," Sindano alisema.

"Zipo zipo," mama mkwe akarudia, kama mtu anayeonja chumvi. Akatundika ile foronya kwenye kamba, akainyoosha kwa viganja vyote viwili muda mrefu kuliko inavyohitaji foronya. Alikuwa na miaka sitini na tatu. Asubuhi hiyo alikuwa amejipaka mafuta usoni na kuvaa gauni lake la kutokea, na hakuwa na safari yoyote.

*

Suti ilikuwa ya Mwalimu Mkuu, aliyekuwa anamwoza binti yake. Alikuwa mtu mnene, wa sauti ya darasani, na alichagua kitambaa cha kijivu cha bei, akakileta mwenyewe kimefungwa kwenye karatasi. Fundi alikikata siku ambayo kichwa kilikuwa kinamuuma tangu alfajiri. Alifumba jicho moja, akafumbua, akalifumba lingine. "Kuna vimulimuli kwenye kitambaa hiki," alimwambia Sindano, na Sindano akapangusa kitambaa, ingawa hakikuwa na kitu.

Jioni yake, akipiga pasi vipande, Sindano aliulaza mkono mmoja wa koti juu ya mwenzake. Mikono ya koti hutazamana, kama viganja vya mtu anayeomba. Hii haikutazamana. Ilifuatana. Aliigeuza, akaigeuza tena. Fundi alikuwa amekata mikono miwili ya kushoto.

Fundi huyo alikuwa na miaka arobaini na tano kwenye meza ile. Wanafunzi wake walikuwa mafundi mitaa mingine. Nani, mwanamke wa darasa la tano, angemwambia kwamba amekata kama mtu anayejifunza? Sindano alijiambia labda ni mtindo mpya. Alijiambia labda ataona mwenyewe wakati wa kuunga. Akaipanga mikono vizuri, mmoja juu ya mwingine, akazima pasi.

Mwalimu Mkuu alikuja Alhamisi na kaka yake, na nje ya mlango kulikuwa na wanawake wawili waliokuja kwa ajili ya sare. Akavaa koti. Mkono wa kushoto ulikaa. Wa kulia ulijipinda kwenda nyuma, na kiwiko kikavimba mahali pasipo na kiwiko. Akajitazama kwenye kioo, akanyanyua mkono, koti zima likapanda shingoni.

"Fundi," alisema, "kwenye vipimo vyako mimi nina mikono miwili ya kushoto?"

Kaka yake akacheka. Wanawake wa mlangoni wakacheka kwa kuwa wanaume wamecheka. Fundi alizunguka nyuma ya koti, akavuta hapa, akalaza pale, pini zikamdondoka mdomoni.

"Ni kuunga tu," alisema. "Nitaifumua."

"Kitambaa changu kimebaki cha kukata mkono mwingine?"

Fundi alitazama mabaki ya kitambaa mezani.

"Mzee, ukichoka, sema umechoka. Si aibu. Weka kijana." Akavua koti, akaliacha juu ya cherehani badala ya kulitundika. "Harusi ni Jumamosi ijayo."

Walipoondoka, Fundi aliketi. Alikaa amelishika lile koti mapajani kama mtu aliyepakata mtoto mgonjwa. Damu ikamtoka puani, tone moja, likaangukia kwenye kidole gumba. Akalifuta kwa kipande cha kitambaa, akakitia mfukoni haraka.

"Usimwambie mama yako," alisema bila kumtazama.

Sindano akatikisa kichwa kwamba hatamwambia. Siku hiyo, Fundi alipotoka kwenda kunawa, Sindano aliufungua mfuniko wa kopo akahesabu mpaka mwisho.

*

Jumamosi alikuja Wifi Mkubwa. Alikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba ile, karani wa ofisi, mtu wa viatu vya kisigino na maneno yaliyonyooka. Aliitwa na mama yake kwa simu, na alifika ameshaamua.

Mkoba wa mama mkwe ulikuwa tayari mlangoni, na mwavuli umelazwa juu yake. Alikaa kwenye kochi akiwa amefunga kilemba cha safari. Fundi aliitwa kutoka chumba cha mbele, akaja na futi ikiwa bado shingoni.

"Baba, shikamoo. Kaa."

"Marahaba. Nakaa kwangu, au nakaa mahakamani?"

"Baba, usigeuze kuwa utani. Mama analala peke yake kama mjane, na mume yuko hai, yuko chumba cha pili anakumbatia mkasi. Tunaomba kujua."

"Kujua nini?"

"Ni nani."

Fundi akamtazama mkewe. Mkewe alitazama mwavuli.

"Mtaa mzima una macho," Wifi Mkubwa aliendelea. "Yule mteja wa magauni ya maua. Kila wiki anakuja kupunguziwa kiuno. Kiuno gani kinachopungua kila wiki, Baba? Si kingekuwa kimeshakatika?"

Siku nyingine Fundi angecheka mpaka machozi. Sindano alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia ya vikombe, akamwona jinsi alivyoshika ukingo wa meza. Mshipa ulikuwa umesimama kwenye paji la uso wake kama uzi uliovutwa.

"Sema tu, baba watoto," mama mkwe alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, haikuwa na hasira. "Kama yupo, sema yupo. Mimi nitakwenda kukaa kwa mwanangu. Sitapiga kelele. Ninachotaka ni kujua nimekosa nini. Nakupikia. Nakuletea dawa. Usiku nikinyoosha mkono nakuta nafasi tupu."

Fundi akaivua futi shingoni, akaiviringisha kwenye vidole vyake, duru baada ya duru, mpaka ikaisha.

"Ndiyo," alisema. "Ninaye."

Wifi Mkubwa akapiga paja. "Si nilisema?"

Mama mkwe hakulia. Aliinuka, akauokota mwavuli. "Basi. Nimesikia kwa masikio yangu."

Sindano alikuwa bado mlangoni na sinia yake. Alimtazama Fundi. Alikuwa amekaa wima, amenyanyua kidevu, kama mtu anayepimwa suti. Akaelewa. Mzee huyu alikuwa radhi kuitwa mwovu, mkewe aondoke na mkoba, presha imwangushe juu ya meza ya kukatia, mradi tu asiseme lile jingine. Na mimi, aliwaza Sindano, niliiona mikono miwili ya kushoto nikaipiga pasi.

Aliweka sinia chini. Akaingia chumba cha mbele, akarudi na kopo.

"Hana," alisema.

Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu mwingine.

"Nani kasema?" Wifi Mkubwa akageuka.

"Baba hana mwanamke."

"Wifi, kaa pembeni. Haya ni mambo ya watu wazima."

Sindano akalimimina kopo juu ya meza. Vifungo vikatawanyika, vingine vikaviringika sakafuni, cha dhahabu kikaenda kugota kwenye kiatu cha Wifi Mkubwa. Akaanza kuchambua. Cheupe kisicho na matundu, akakiweka mbele ya mama mkwe wake. Kingine. Kingine. Alivipanga kwa safu, kama wanavyovishona viwandani kwenye kadi.

"Vipo thelathini na nne," alisema. "Juzi vilikuwa thelathini na tatu. Vya mwanzo sijui alivipeleka wapi."

Mama mkwe akaokota kimoja, akakisogeza machoni. "Hiki si kidonge ninachompa mimi? Nilikuona unameza! Kila siku nakuona unameza! Cha leo kiko wapi?"

Fundi alitia mkono kwenye mfuko wa shati taratibu, akakiweka kwenye safu. Vikawa thelathini na tano.

"Unataka kufa?"

"Binti," Fundi alimwambia Sindano. "Inatosha." Hakuwa anaamuru. Alikuwa anaomba.

"Anatokwa na damu puani, mama," Sindano alisema. "Na anaona vimulimuli. Ndiyo maana mikono ikawa ya kushoto."

"Lakini kwa nini? Nani amemroga asimeze dawa? Kwa nini?"

Sindano alijua sababu. Alimtazama baba mkwe wake, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe Fundi ndiye aliyeinamisha macho. Kisha akamzunguka, akamwinamia mama mkwe wake, akaweka mdomo kwenye kilemba pale penye sikio, na akayasema maneno ambayo hajawahi kuyatia mdomoni, wala kwa mumewe. Aliyasema haraka. Yalikuwa maneno matano tu, na jina la Kinyozi.

Mama mkwe alikaa chini. Akamtazama mumewe muda mrefu.

"Ndilo hilo?" alisema.

Fundi alinyoosha safu ya vidonge kwa kidole.

"Kwa hilo ukaona afadhali uwe na hawara?"

"Mwenye hawara," Fundi alisema, "bado ni mwanamume."

"Hilo lipi?" Wifi Mkubwa aliuliza. "Mama, hilo lipi?"

"Wewe nenda kachemshe maji."

"Maji ya nini?"

"Ya kuchemka tu. Nenda. Na mwenzako mwende wote. Mlango mfunge."

Jikoni, Wifi Mkubwa alisimama mbele ya sufuria kama mtu aliyefukuzwa kazi. "Wifi, niambie basi." Sindano akatikisa kichwa. Alikuwa amemaliza maneno yake ya mwaka mzima. Kutoka upande wa pili walisikia sauti ya mama ikipanda, ikishuka, kisha kimya, kisha kitu ambacho kwa muda walidhani ni kilio. Wifi Mkubwa alishika kitasa.

"Usiingie," Sindano alimwambia. "Wanacheka."

*

Jumatatu walikwenda zahanati watu watatu, maana mama mkwe alisema hatakwenda bila Sindano. "Huyu ndiye anayeona vitu," alisema.

Daktari alikuwa mama mtu mzima, miwani imetundikwa shingoni kwa kamba. Mlango wa chumba chake ulikuwa haufungi vizuri. Kitasa kilikatika, wakaweka karatasi iliyokunjwa ili kuubana. Sindano alikaa kwenye benchi nje, akaangalia bango la kunyonyesha ukutani, akalisoma kuanzia juu mpaka chini na kulirudia. Masikio lakini hayana kifuniko.

"Mia moja tisini na nane kwa mia moja na kumi na mbili," daktari alisema. "Mzee, unatembeaje na kitu hiki? Una bahati unaongea mdomo ukiwa umenyooka. Uliacha lini?"

Fundi alinong'ona. Daktari akauliza tena. Mama mkwe akajibu kwa niaba yake, kwa sauti, yote, na kopo akalitaja na Kinyozi akamtaja.

"Sikiliza, baba. Ukiacha presha ipande ovyo, inaharibu mishipa ya damu, na kazi hiyo unayoililia ni kazi ya mishipa hiyo hiyo. Kidonge nacho kinaweza kuchangia, sikatai. Kwa hiyo unakuja kwangu, unasema, nakubadilishia. Vipo vya aina nyingine. Lakini hukitii kwenye kopo. Huo unga wa kinyozi uko wapi?"

Karatasi ilichakarika. Kitu kikaanguka kwenye ndoo ya taka.

"Kilichomo humo hata aliyekupa hakijui. Kwa presha hii kingekuzika. Sasa niambie. Hamu ipo?"

Sindano alisimama ili aondoke. Akakaa tena, kwa kuwa hakuwa na pa kwenda.

Ndani kiti kililia. Kisha Fundi akasema, "Ipo, daktari. Mwili ndio haukubali kutumwa."

"Hiyo si aibu, ni dalili kama kukohoa. Na mama?"

"Mimi?" mama mkwe alishtuka. "Mimi sikuja kwa ajili yangu."

"Kitanda kimoja kina watu wangapi?"

Mama mkwe alipozungumza, sauti ilikuwa ile ya kwenye kochi, ndogo. "Mimi naumia."

"Tangu lini?"

"Tangu hedhi ilipokoma. Miaka kumi, kumi na moja. Ni kama ngozi imekauka. Najikaza tu."

"Ulimwambia mzee?"

"Nitamwambiaje, daktari? Nilijua ndio uzee wenyewe."

"Nilikuona unakunja uso," Fundi alisema. Hakuwa anaongea na daktari tena. "Nikadhani umenichoka. Nilipoona na mwili wangu umegoma, nikasema basi, nimpumzishe."

"Mimi nikuchoke? Nani alikuambia nataka kupumzishwa? Nautaka mgongo wako tu, mtu wewe. Ule mgongo wako tu mlangoni pale."

Daktari alikohoa. Alisema kuna mafuta, kuna krimu za kupaka, hilo si jambo la kujikaza nalo. Alisema itachukua majuma kadhaa, asitegemee maajabu kesho asubuhi, na arudi kupimwa. Mama mkwe akauliza kama kweli watu wa umri wao wanatakiwa kuhangaika na mambo hayo.

"Mama, mimi nina miaka hamsini na tisa," daktari alisema. "Umenisikia nikijiita marehemu?"

Walitoka. Fundi alikuwa ameubeba mkoba wa mkewe begani, mkoba mwekundu wenye bizimu ya dhahabu, na alionekana hajui kwamba ameubeba. Waliwapita wagonjwa wote wa foleni hivyo hivyo.

*

Mwalimu Mkuu hakupunguza makali. Kitambaa cha kukata mkono mwingine hakikubaki, ikabidi Fundi atafute cha aina hiyo maduka manne, na alipokipata alikilaza mezani, akachora kwa chaki, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Sindano. Njoo utazame. Unatazamana?"

Aliulaza mkono mpya juu ya wa zamani. "Unatazamana, baba."

"Ule wa kwanza uliuona?"

Angeweza kusema hakuuona. "Niliuona."

Fundi aliitikia kwa kichwa polepole. Alionekana amechoka, lakini macho yake yalikuwa yametulia kwenye kitambaa. "Siku nyingine ukiona, sema. Hata kama ni mimi. Hasa kama ni mimi." Akashika mkasi.

Chini ya meza ya kukatia palikuwa patupu, pamefagiliwa. Kila asubuhi glasi ilikuja kama kawaida, na kidonge kipya, cha rangi ya waridi.

"Meza."

"Nimemeza."

"Fungua mdomo. Inua ulimi. Na hili shavu."

"Mama watoto, mimi ni mume au ni punda wa mnadani?"

"Tutajua baadaye," mama mkwe alisema, na akatoka na glasi yake bila kugeuka. Fundi aliinamia cherehani kana kwamba uzi umekatika. Haukuwa umekatika. Foronya zilikuwa kwenye kamba mbili mbili, zimebanwa pamoja, na hazikuwa na chaki.

Jumapili, saa kumi alasiri, simu ya Sindano iliita. Mumewe alipiga kila Jumapili saa hiyo, akiwa ameegesha mahali. Nyuma yake injini za malori zilisikika, na watu wakiitana.

"Hamjambo huko?"

"Hatujambo."

"Wazee?"

"Wazima."

"Mbona dada anasema kulikuwa na vurugu?"

"Yameisha. Baba amebadilishiwa dawa."

"Sawa. Kuna shida yoyote?"

Hilo lilikuwa swali la mwisho la kila Jumapili. Jibu lake lilikuwa hakuna, kisha haya, kwaheri, na skrini inazima. Sindano alikuwa amekaa kitandani. Alijikuta amekaa upande wa ukutani, upande anaolala mumewe. Kupitia ukuta alimsikia mama mkwe wake akisema kitu, na Fundi akijibu, sauti mbili za chini, hazina haraka.

"Haloo? Umenisikia? Nasema kuna shida?"

"Ipo," alisema.

"Shida gani? Unaumwa?"

Alifumba macho. Aliushika mto kwa mkono uliokuwa wazi.

"Nina hamu na wewe," Sindano alisema. "Rudi nyumbani."